Darubini Iliyopinda

Somo: 2 Samweli 12:1-15

 

Leo tutaanza na bunduki. Msishtuke. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wala hatuna nia ya kuurudisha. Lakini mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alifuatana na wawindaji upande wa Narok, alitueleza jambo ambalo hatujalisahau.

Alisema kwamba bunduki yenye darubini ikianguka, au ikigongwa-gongwa ndani ya gari, zile pete zinazoishika darubini husogea kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Tangu hapo mtu hupiga risasi tano, na zote tano huenda mahali pamoja, zimekaribiana kama punje za mahindi gunzini, ila mahali penyewe sipo. Mkono wake hautetemeki. Pumzi ameizuia. Na kwa sababu risasi zake hukaa pamoja, hujiona hodari, na lawama huitupia upepo.

Tena kuna kosa la pili, na mzee aliliona kuwa baya zaidi. Juu ya darubini na ubavuni mwake pana vidude viwili vya kuzungusha ili kurekebisha shabaha. Mtu mvivu huvizungusha mpaka risasi irudi katikati, wala zile pete haziangalii. Kesho pete zikisogea tena, huzungusha tena, mpaka siku moja kidude kinafika mwisho wake na hakizunguki. Fundi wa kweli hufungua skrubu zote, husafisha kitako, huilaza darubini sawasawa na mtutu, kisha huzikaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Akimaliza hayo ndipo hugusa vidude.

Sisi wahubiri tumezoea kusema kwamba neno la Kigiriki la dhambi, hamartia, maana yake ni kukosa shabaha. Ni kweli. Hata tulipokuwa chuoni tulifundishwa hivyo, nasi tumelihubiri mpaka washarika wanajua litakalofuata. Lakini tumelihubiri kana kwamba mwenye dhambi ni mtu wa mkono wa kutetemeka, mlevi, mwizi, asiyejua aendako. Hatukumfikiria sana yule mwenye mkono thabiti ambaye kila siku hupiga pale pale pasipo pake.

Mpaka mwaka ule wa mtaro.

Kanisa letu liko kwenye mteremko, kama makanisa mengi ya Gusii. Mvua ndefu zilikuwa zikichukua udongo wa uwanja, basi tukaamua kuchimba mtaro wa kuvuka mteremko ili kuyapeleka maji polepole mpaka kijito. Tuliazima darubini ya kupimia, ile ya wapima ardhi inayosimama juu ya miguu mitatu. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba zilizopitana kama msalaba, kama ilivyo katika darubini ya bunduki. (Ndiyo, mhubiri akiona msalaba hufurahi, lakini tuvumilieni, siyo huo tunaousemea leo.) Tuliisimamisha karibu na ukuta wa kanisa, tukatazama mita 60 mpaka mwisho, ambako kijana alishika ubao mrefu wenye namba. Tulitaka mtaro ushuke sentimita 15. Darubini ikasema umeshuka 15. Tukachimba, tukaomba, tukaenda nyumbani.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalisimama katikati ya mtaro, yakafurika, yakaingia katika shamba la mama mmoja mjane aliye chini yetu. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Yalilala chini yote.

Na sisi tulifanya nini? Tulimpelekea karatasi. Halmashauri nzima, watu wanne, tulikwenda kumwonyesha hesabu zetu kwamba mtaro ni sawa. Tukasema labda ni fuko, au ni takataka kutoka kwake. Alitusikiliza, kisha akasema, “Baba Kasisi, mimi sijui kusoma namba hizo. Ngojeni.” Akaingia ndani akatoka na mtungi wa maji, akapanda mpaka mwisho wa mtaro upande wa kijito, akayamwaga. Maji yakaja upande wetu.

Tuliona haya, lakini bado tulikuwa wagumu. Tulisema tutachunguza. Mama yule hakuja kanisani Jumapili tatu.

Siku ya nne alikuja mpima ardhi mmoja, mshiriki wa parokia jirani, tukamwomba aitazame darubini. Hakuifungua. Alipigilia vigingi viwili, mita 60 kati yake, akaisimamisha darubini katikati kabisa, mita 30 kila upande. Kwenye kigingi cha kwanza alisoma mita 1.40, na cha pili 1.64. Tofauti, sentimita 24. Akaihamisha akaiweka kando kabisa ya kigingi cha kwanza. Cha karibu akasoma 1.50, cha mbali akasoma 1.92. Tofauti, 42. Ardhi ni ile ile na vigingi ni vile vile.

“Iliwahi kuanguka hii,” akasema. Mstari wake wa kutazamia ulikuwa umeinuka, na kila ukienda mbali ulizidi kupaa. Kwa mita 60 ulidanganya sentimita 18. Basi mtaro wetu, tuliodhani unashuka 15, ulikuwa unapanda 3.

Tukamwuliza, mbona pale katikati ilisema kweli? Akacheka. Akasema darubini iliyopinda, ukiisimamisha katikati, hukosea pande zote mbili sawasawa, tisa huku na tisa huku, na ukitoa moja katika nyingine kosa linajifuta. Pale katikati hata chombo kibovu hutoa tofauti ya kweli. Ukisogea kwenye kigingi kimoja, kilicho karibu nawe hukioni vibaya hata kidogo. Kosa lote linamwangukia aliye mbali.

Wapendwa, hapo ndipo tulipomkumbuka Daudi. Nathani alipomletea habari ya tajiri na maskini na yule mwana-kondoo mmoja, mfalme alihukumu vizuri sana. Alikasirika panapostahili, akataka kondoo alipwe mara nne, kama torati isemavyo katika Kutoka 22. Hakuna hakimu ambaye angehukumu vema zaidi. Naye wakati ule ule alikuwa na mke wa Uria nyumbani na damu ya Uria mikononi! Iliwezekanaje? Alisimama katikati. Wale wawili walikuwa mbali naye sawasawa. Kisha Nathani, kwa maneno machache tu, akaichukua ile darubini akaiweka kando ya kigingi cha Daudi mwenyewe.

Sisi wa Kisii na Nyamira tunajulikana kwa mambo ya mipaka. Mashamba yetu ni vipande virefu, vimeanza kilele cha kilima vikashuka mpaka mtoni, na kila kizazi kinakigawa kipande tena. Zamani wazee wa etureti walikaa wakaamua. Baadaye zikaja sheria za mwaka 1963 na 1968, wapimaji, ramani na hati. Na bado ndugu wawili wa tumbo moja huacha kusalimiana kwa sababu ya hatua mbili za ardhi. Tumekaa katika mashauri mengi ya namna hiyo. Tumeona mzee akiamua kesi ya jirani kwa haki iliyotufanya tumshukuru Mungu, kisha mwezi uliofuata mzee yule yule akisogeza alama ya mpaka wa mdogo wake aliyekufa, na watoto wakiwa wadogo hawajui pa kusemea. Tulimwita mnafiki. Sasa hatuna haraka ya kumwita hivyo. Pengine hakujua, kwa sababu kila alipopimwa alikuwa katikati.

Nasi tulimzidi kwa lipi? Halmashauri yetu ilikuwa imepatanisha nyumba tatu mwaka ule.

Mpima ardhi alichukua bisibisi ndogo. Pete inayozishika zile nyuzi ina skrubu zinazokabiliana, ya juu na ya chini. Alitufundisha kwamba huwezi kukaza moja kabla ya kulegeza mwenzake, ukilazimisha utavunja. Alilegeza kidogo, akakaza kidogo, akatazama, akarudia, mpaka ubao wa mbali ukasomeka 1.74. Ilimchukua karibu nusu saa. Hakuna aliyemhimiza.

Kisha tukamwendea yule mama. Safari hii hatukubeba karatasi. Tulimwambia, “Mama, tumekukosea mara mbili, kwa maji na kwa maneno.” Hakujibu upesi. Aliuliza mahindi yake yatalipwa na nani. Tukasema kanisa, magunia matatu, na tukayaleta baada ya mavuno. Ilipofika siku ya kuupima mtaro upya, yeye ndiye aliyekataa kijana asishike ubao. Aliushika mwenyewe, upande wa mbali, kwenye matope, huku sisi tukichungulia kutoka ukutani.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uwakumbuke wajane na yatima ambao mashamba yao yako chini ya yetu. Uwakumbuke ndugu watakaosimama kortini wiki hii kwa ajili ya mpaka, na wazee watakaoketi kati yao. Ututumie Nathani, na akija, utupe kumfungulia mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.