Siyo ulozi, siyo kichwa ngumu
Hotuba ya timu yetu ya tereni kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Tuliombwa kueleza pesa ya ugonjwa iliyotoka kwenye kasha kwa ajili ya mtoto mmoja wa chama. Jina lake hatutataja. Mama yake yuko hapa katikati yetu, na alituruhusu kusema.

Mtoto ana miaka tisa. Alizaliwa Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996 ambayo wengi wetu tunaijua vizuri. Ukimtuma ndagala, chumvi na sabuni, anarudi na chumvi tu, na chenji haiko. Leo anahesabu mpaka ishirini, kesho amesahau yote. Ukimchapa analia, kisha nusu saa anarudilia kosa lile lile. Darasa la kwanza amelirudia mara mbili. Siku moja alichukua simu ya jirani, akampa kijana wa barabarani kwa sababu tu alimwomba. Maneno yakawaka kwenye parsele. Mmoja anasema: "Ni kichwa ngumu." Mwengine: "Hapana, huyu mutoto ni mulozi, mumupeleke kwenye chumba cha maombi." Walitaka afungishwe siku tatu bila kula.

Hapo ndipo sisi tuliingia, na tuseme ukweli, tuliingia vibaya. Tulifikiri dawa inakaa mbali. Tulichukua pesa ya kasha, tukampandisha gari pamoja na mama yake, Uvira mpaka Bukavu. Kule tulianza kwenye nyumba moja ya dawa, wakatuuzia siro ya "kuongeza akili", chupa tatu. Zilikwisha, hakuna kilichobadilika. Kosa hilo ni letu, na ndiyo maana mnauona ule mstari kwenye ripoti ya kasha.

Daktari wa watoto tuliyemfikia kisha alifanya kazi nyingine. Alipima urefu na mzunguko wa kichwa. Aliangalia uso: ule mfereji mdogo kati ya pua na mdomo hauonekani sana, na mdomo wa juu ni mwembamba. Alipima masikio na macho. Aliuliza juu ya kifafa na malaria ya kupanda kichwani, maana hayo pia yanaweza kumzuia mtoto kujifunza. Halafu akamwuliza mama, kwa upole, kama alikunywa pombe wakati wa mimba.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Ndiyo. Kule kambini nilikuwa napika gongo ya kuuza, njo chakula ilitoka mule. Na mwenye kupika lazima aonje."

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha shida hii kwa mtoto wa umri huo. Jibu la mama ndilo lilimsaidia daktari. Kama angeogopa kuchekwa, leo tungekuwa bado tunanunua siro.

Kwa Kifaransa shida hii wanaiandika kwa kifupi TSAF. Daktari Paul Lemoine na wenzake wa Nantes, Ufaransa, waliieleza mwaka 1968 baada ya kuwachunguza watoto 127 wa wazazi walevi. Pombe ya mama inapita kwenye kondo, inaingia katika damu ya mtoto, na ubongo wake, unaojengwa miezi yote tisa, unaumia. Ni pombe yote: gongo, lotoko, kasikisi, bia. Haiambukizi. Haitoki kwa ulozi. Watoto wengi hawana hata alama usoni, kwa hiyo wanaitwa wakaidi. Na dawa ya kuiponyesha haiko. Itabaki naye maisha yote.

Basi matunzo ni nini? Ni kazi ya kila siku, nyumbani na shuleni.

Mama hasemi tena "Oga, vaa, kula, uende shule." Anasema "Oga." Akimaliza: "Vaa." Ukutani alichora kwa makaa bidoni, ufagio, sahani na mkeka, kwa utaratibu wa siku, na utaratibu huo haubadiliki. Anamtuma kitu kimoja tu, na pesa kamili mkononi. Kabla ya kumtoa kwenye mchezo, anamwambia mapema. Fimbo tumeiacha, maana jioni haunganishi tena maumivu na kosa la asubuhi. Akikosa, tunamrudisha pale pale na kumwonyesha tena. Mwalimu alimweka mbele, mbali na dirisha, na wanahesabu kwa maharagi. Wamama wawili wa chama wanamchukua kila Alhamisi ili mama yake apumzike.

Imepita miezi sita. Ndagala anazileta. Usiku analala. Kusoma bado, na kelele za soko bado zinamvuruga. Hata akiwa mtu mzima, atahitaji mtu wa kumwongoza.

Tunaomba mambo matatu.

La kwanza, mtoto asipelekwe tena kwenye chumba cha maombi kwa neno la ulozi. Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto ulozi.

La pili, mwanachama mwenye mimba anayepika pombe apewe mkopo wa kwanza wa kasha, abadilishe biashara. Hatuwezi kumwambia "acha" wakati watoto wake wanakula kwa pombe hiyo. Akiacha mwezi wowote wa mimba, bado inamsaidia mtoto. Na wababa, musimpe mama mwenye mimba kasikisi eti inaongeza damu.

La tatu, rafiki wanaotutegemeza, musitume dawa. Watoto wengine wawili wanangoja kuonwa na daktari: tusaidieni nauli yao, na siku chache za kufundisha walimu njia hii.

Yule mama siku hizi anauza ndagala. Tusimcheke. Bila neno lake la Bukavu, hatungekuwa na la kuwaambia leo. Tunaomba mambo haya matatu yapigiwe kura kabla ya kugawa kasha.