Mtoto Anayelia, Akanyamaza, Akalia Tena

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa utumbo kuingia ndani ya utumbo. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 4 na 10, wengi wao wazima na wanono, ingawa hata wa miaka 2 au 3 huugua.

Kwanza sikiliza kilio. Mtoto hupiga yowe ghafula, hukunja miguu kuelekea tumboni, uso ukapauka. Dakika chache baadaye hunyamaza, pengine akacheza. Dakika 15 au 20 zikipita, yowe tena. Kule kunyamaza ndiko kunakotudanganya. Tunasema ni meno au gesi. Kisha anatapika, mwanzo maziwa, baadaye maji ya kijani. Mwishowe hulegea, na kwenye nepi unaona damu na ute kama jemu nyekundu. Wengi hudhani ni kuhara damu, wakakimbilia duka la dawa. Usiingoje damu hiyo. Mara nyingi huja tumekwisha chelewa, na watoto wengine hawaitoi kabisa.

Umewahi kuvua sweta kwa haraka, mkono wake ukajikunja ndani? Utumbo nao hufanya hivyo, hasa upande wa kulia, pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana. Kidole tumbo kiko hapo hapo, nacho huweza kuvutwa ndani. Mara chache sana kidole tumbo chenyewe ndicho kinachozama ndani ya utumbo mpana, na maumivu yake hufanana na ya kidole tumbo kilichovimba. Sehemu iliyonaswa hukosa damu, na ikiachwa huoza na kutoboka.

Kwa hivyo usimkande tumbo, usimpe mitishamba wala dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, na umweleze daktari jinsi kilio kinavyokuja na kuondoka. Maelezo yako yatamsaidia sana. Daktari atapapasa tumbo, pengine ahisi uvimbe mrefu kama soseji, kisha aagize skani ya tumbo, ambayo haiumizi. Zahanati ikikupa barua ya kwenda hospitali kubwa, usipitie nyumbani kwanza.

Mtoto huwekewa dripu. Kama utumbo haujatoboka na vifaa vipo, hewa au maji ya chumvi husukumwa kupitia njia ya haja kubwa mpaka utumbo urudi mahali pake, bila kisu. Ikishindikana, hupasuliwa, daktari huurudisha utumbo kwa mkono, na palipooza hukatwa na kushonwa. Mara nyingi kidole tumbo huondolewa papo hapo. Usishtuke, mtoto atakua vizuri bila hicho.

Wengine huogopa chanjo ya rota, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014. Uchunguzi katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa 2018, haukuona kwamba chanjo iliyotumika iliongeza ugonjwa huu.

Kati ya watoto 10 waliotibiwa kwa hewa au maji, yapata 1 hurudiwa, mara nyingi siku za mwanzo. Kilio kile kikirudi mkiwa nyumbani, chukua kadi ya hospitali umrudishe mara moja.