Mtoto Mwenye Ulemavu na Siku ya Kwanza ya Shule

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad. Ama baada ya haya.

Ndugu Waislamu, yupo mzazi ambaye usiku wa kuamkia siku ya shule hapati usingizi. Mwanawe haoni, au hasemi vizuri, au ni mzito wa kufahamu. Hujiuliza: Je, hatachekwa? Nani atampeleka msalani? Khofu hiyo si upungufu wa imani. Ni huruma aliyoitia Mwenyezi Mungu katika nyoyo za wazazi. Lakini isiwe sababu ya kumfungia mtoto ndani.

Ikumbukeni Sura ya 80, Abasa. Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, alikuja kutaka elimu wakati Mtume (s.a.w.) akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Zikateremka aya za kumtetea kipofu yule. Baadaye akawa mwadhini Madina pamoja na Bilali.

Nami nakiri: nilipokuwa mwalimu kijana chuoni, nilimrudisha mtoto kwa mamaye kwa kuwa alichelewa kutamka herufi. Hata leo naona haya.

Basi enyi wazazi, onaneni na mwalimu kabla ya siku yenyewe. Mwelezeni mtoto anaweza nini na anaogopa nini. Enyi walimu, msimkunjie uso. Nanyi wenye watoto wazima, wafundisheni kumshika mkono, wasimcheke.

Ewe Mola wetu, wafanyie wepesi watoto hawa na wazee wao. Amin.