Tunda la Mninga Halifunguki Lenyewe

Leo tunazungumzia mninga. Ndiyo, huo huo wa vitanda na milango. Wengi tunajua kuukata. Waliowahi kuupanda ni wachache.

Tunda la mninga ni bapa, mfano wa chapati ndogo, na katikati limejaa miiba. Mninga ni jamii moja na maharage. Lakini ganda la maharage likikauka hupasuka. La mninga halipasuki. Huiva limefungwa, huanguka limefungwa, upepo hulisukuma, na mbegu bado imo ndani. Porini, moto wa kiangazi huunguza ganda hilo na kuisaidia mbegu kuota. Tafadhali, usichome msitu kwa ajili ya mbegu! Kisu kinatosha.

Kiangazi, okota matunda makavu ya kahawia, yasiyotobolewa na wadudu. Kata ukingo wote. Kisha pasua katikati polepole. Angalia vidole, ganda ni gumu kweli. Ndani utakuta mbegu moja au mbili. Kwaruza kidogo ngozi ya mbegu, iloweke usiku kucha, panda kwenye kiriba.

Narudia: tunda la mninga halifunguki lenyewe. Lifungue wewe.

Na usikate tamaa mapema. Miaka ya mwanzo, kila kiangazi, shina la mche hukauka. Usiung'oe. Mzizi uko hai, na mvua zikianza utachipua tena. Chomeka kijiti pembeni, mwenye jembe auone.