Chumvi na Akili ya Mtoto

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari tuingie jikoni. Mtoto akishindwa kutulia darasani tunalaumu simu, na simu ina lake. Ila ubongo hujengwa tangu mimba, na madini joto yakipungua hudumaa. Dodoma iko mbali na bahari na samaki wake wenye madini hayo. Tegemeo ni chumvi iliyotiwa madini joto. Sasa tazama sokoni: gunia wazi, juani, madini yanapotea. Nyumbani ifunike, na kwenye mlenda itie mwishoni.

Kwa upande wa pili, madaktari wa presha wanaionya chumvi, na wana haki: mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Basi iwe kidogo, yenye madini joto. Ya kwako, msikilizaji, pakiti yake inasemaje?