Mwanga wa Leza na Maumivu ya Magoti

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Miongoni mwa maombi ya mikopo ya dharura yafikayo mbele ya kamati, yapo ya wanachama wazee watakao fedha za kutibiwa magoti kwa mwanga wa leza. Mtu aliyebeba magunia mlimani kwa miaka 40, akisikia kwamba iko mashine ya kuondoa maumivu pasipo kisu wala sindano, si ajabu akawa tayari kukopa juu ya malipo yake ya pili ya kahawa. Kamati haina kazi ya kutibu. Walakini ina wajibu wa kujua fedha za chama zinanunua kitu gani.

Ugonjwa wenyewe ni kulika kwa gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Wengi huuita baridi yabisi, jina linalobebeshwa magonjwa kadhaa. Goti hukaza asubuhi, pengine huvimba, na huuma mtu anapopanda au kushuka mteremko. Gegedu iliyokwisha kulika haijathibitika kurudishwa na leza, na aahidiye hivyo anauza maneno.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest, nchini Hungaria, aliwanyoa panya na kuwamulika kwa leza hafifu, akaona manyoya yakiota upesi zaidi. Huo ndio mwanzo wa tiba hii, ambayo haiunguzi wala haikati. Inadhaniwa kuwa mwanga huamsha chembe za mwili na kutuliza uvimbe.

Je, unasaidia? Wataalamu hawajaafikiana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumlisha majaribio 9, haukuona faida. Mwaka 2019 watafiti wa Bergen, Norwei, pamoja na wenzao, walijumlisha majaribio 22 yenye wagonjwa 1,063. Kwa kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, waliomulikwa kweli walipata nafuu ya kama alama 14 zaidi ya wale waliowekewa mashine isiyotoa mwanga wa tiba. Na pale kipimo cha mwanga kilipokuwa sahihi, tofauti ilikaribia alama 19. Hata hivyo, mwaka 2022 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilielekeza leza isitolewe kwa ugonjwa huu kwa kuwa ushahidi haujatosha.

Hapo kwenye kipimo ndipo penye jambo. Leza ya urefu wa wimbi wa nanomita 785 hadi 860 hupendekezwa kutoa jouli 4 hadi 8 katika kila sehemu ya goti inayomulikwa. Ile ya nanomita 904, jouli 1 hadi 3. Mwanachama asiyekubali kahawa yake ipimwe bila kuisoma mizani mwenyewe, yampasa aulize tarakimu hizo kabla ya kulipa: wimbi gani, jouli ngapi, mara ngapi, na gharama yote ni kiasi gani. Mtoa tiba asiyeweza kuziandika kwenye karatasi hastahili fedha za mkopo. Kadhalika, mgonjwa na mhudumu sharti wavae miwani ya kukinga macho.

Kinachokubalika zaidi hakihitaji mkopo mkubwa, nacho ni mazoezi ya misuli ya paja: kukaa kitini, kunyoosha mguu mpaka goti liwe sawa, kuushikilia kidogo na kuushusha polepole, kila siku kwa majuma mengi. Wazee wengi hudharau zoezi hili kwa sababu halina mashine. Aliye mnene apunguze uzito. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa goti kwa kama kilo 4 katika kila hatua. Dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe nayo hufaa, kwa ushauri wa mganga.

Mwombaji ambaye goti lake limevimba ghafla, lina moto, na ana homa, asingoje kikao cha mikopo wala asipelekwe kwenye leza. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.