Elimu Iliyotoka Majengo Ikafika Kanada

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi wa Githurai 45)



Mtaa huu ulipata jina lake kwa nambari ya basi. Basi hilo la 45 lilishuka kwa barabara ya Thika mpaka Nairobi, na ukiwa mjini si mwendo mrefu kufika Pumwani, katika mtaa wa Majengo. Habari ninayowaletea leo ni ya elimu iliyopatikana hapo Majengo, ikavuka bahari mpaka Kanada, kisha ikaenea duniani. Nimeichagua kwa sababu wengi wetu hudhani ya kuwa sayansi ni shehena itokayo ng'ambo, nasi kazi yetu ni kuipokea bandarini tu. Sikilizeni, kisha mpime wenyewe.

Kanada ni nchi kubwa sana iliyo kaskazini mwa Marekani. Katika mji wake mmoja uitwao Winnipeg kipo Chuo Kikuu cha Manitoba. Majira ya baridi huko ni makali hata mito huganda, na watu huweza kutembea juu yake. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimkaribisha profesa wa huko, Allan Ronald, bingwa wa maradhi ya kuambukiza, aje kusaidia kuchunguza vidonda vya sehemu za siri, maana ugonjwa huo ulikuwa umeenea mjini. Baada yake akaja daktari kijana, mzaliwa wa Winnipeg, jina lake Frank Plummer. Alikuja kwa kazi ya muda mfupi, lakini baadaye alirudi akakaa Kenya miaka mingi.

Wanawake wa Majengo

Madaktari hawa, pamoja na wenzao wa Kenya, walikwenda kwa wanawake wa Majengo ambao walijipatia riziki kwa kuuza miili yao. Aghalabu jamii huwataja wanawake hao kwa dharau, na wengi wao walikuwa na watoto wa kulea na kodi ya nyumba ya kulipa. Mwuguzi Mkenya, Elizabeth Ngugi, aliwaita barazani, akazungumza nao kama binadamu wenye akili, akawasikiliza. Bila imani waliyompa, kazi yote isingaliweza kuendelea. Walikubali kupimwa na kutoa damu yao, nao wakapata matibabu.

Mwaka 1985, kipimo cha virusi vya UKIMWI kilipopatikana, damu ile ilipimwa. Ikaonekana ya kuwa karibu wawili katika kila wanawake watatu walikuwa wamekwisha ambukizwa. Kumbukeni ya kuwa siku zile watu wengi Ulaya na Marekani walifikiri ugonjwa huu ni wa wanaume wachache tu. Habari za Nairobi, pamoja na za miji mingine ya Afrika, ziliwaonyesha ya kuwa ugonjwa huenea kati ya mume na mke, tena kwa haraka. Ndipo mipira ya kondomu ikaanza kugawanywa kwa bidii, nao wanawake wenyewe wakafundishana namna ya kuitumia.

Ajabu ambayo hawakuitazamia

Miaka ilipozidi kupita, wachunguzi waliona jambo la ajabu. Baadhi ya wanawake wale, ingawa walikutana na hatari kila siku kwa miaka mingi, hawakuambukizwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1996 katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa Keith Fowke wa Manitoba.

Kwa nini hawakuambukizwa? Uchunguzi umeendelea tangu hapo, na jambo moja lililoonekana ni hili. Katika damu yetu mna chembe ambazo ni askari wa mwili. Virusi vya UKIMWI hupenda kuwaingia askari walioamka na kushika silaha. Katika wengi wa wanawake wale, askari walikuwa wametulia, kwa hiyo virusi vilikosa mlango mwepesi. Lakini kinga hiyo si ngao isiyotoboka. Mwaka 2001 ilitangazwa ya kuwa baadhi yao waliambukizwa baadaye, hasa wale waliokuwa wamepunguza kazi ile. Basi mtu asijidanganye ya kuwa damu yake ni tofauti na ya wengine.

Kutokana na hayo, wachunguzi wa Manitoba na wa Nairobi walijaribu kuwatuliza askari hao kwa dawa ya bei nafuu. Mwaka 2018 walitangaza ya kuwa wanawake wa Nairobi waliomeza aspirini kidogo kila siku kwa majuma machache walipungukiwa chembe zile zinazopendwa na virusi, karibu kwa theluthi moja, katika njia ya uzazi. Nisikilizwe vizuri hapa: jaribio hilo halikuonyesha ya kuwa aspirini huzuia UKIMWI, wala mtu asiende dukani kununua aspirini kwa ajili hiyo. Ni hatua moja tu katika safari.

Vijana wa Kisumu

Tunda lingine la urafiki huu lilivunwa Kisumu. Madaktari wa Nairobi na Manitoba walikuwa wameona ya kuwa wanaume waliotahiriwa huambukizwa kwa uchache zaidi. Ili kupata hakika, Robert Bailey wa Chicago, Stephen Moses wa Manitoba na Jeckoniah Ndinya-Achola wa Nairobi waliwaandikisha vijana 2,784 tangu mwaka 2002. Nusu yao walitahiriwa mara moja, na nusu wakaombwa wangoje. Katika muda wa miaka miwili waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22, na wale waliongoja 47. Tofauti ilikuwa wazi hata jaribio likakatizwa. Ilikuwa Desemba 2006, nao waliongoja wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri tohara iwe kinga mojawapo. Nasema mojawapo, maana hupunguza hatari, haiiondoi.

Deni na haki

Mabibi na Mabwana, Dr. Plummer alifariki dunia mjini Nairobi Februari 2020, alipokuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano huu. Jina lake limeandikwa katika vitabu, na anastahili. Lakini majina ya wanawake wa Majengo hayakuandikwa, na ni vema yasiandikwe, kwa kuwa siri yao ni haki yao. Hata hivyo tuna deni kwao. Asiye na maana machoni pa jirani zake ndiye aliyewafundisha maprofesa. Namna ya kulipa deni hilo ni kuacha kuwadharau, na kuitumia elimu waliyotupatia. Nendeni kupimwa, katika zahanati za serikali kipimo hakilipiwi. Na tangu mwaka 2017 Kenya hutoa vidonge vya kinga kwa mtu asiyeambukizwa aliye katika hatari kubwa.

Tena, wachunguzi wakija hapa Githurai, msiwakimbie wala msiwafuate kama vipofu. Kwa sheria ya mwaka 2013, mchunguzi hana budi kuwa na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Mwulizeni akionyeshe. Mwulizeni damu itatumiwa kwa kazi gani, ni nani atakayewatibu ikionekana maradhi, na lini atarudi kuwaeleza alichokiona. Kumbukeni pia ya kuwa aliyekubali leo anayo ruhusa ya kuacha kesho, wala hapaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo. Mchunguzi mwema hatachukizwa na maswali hayo, kwani kuuliza ndiyo kazi yake mwenyewe.

Na ninyi vijana mlio shuleni, chuo kikuu kipo Juja, mbele kidogo katika barabara hii hii. Wakenya wengi wamekwisha kwenda Winnipeg kusoma na kurudi. Mwombe nafasi, msome, ili siku moja swali linaloanzia Majengo au Githurai lipate kujibiwa na mtoto wa hapa hapa.